Aliye Juu Tusimngoje Chini

Kila mtoto wa Mombasa ameusikia huu msemo: aliye juu mngoje chini. Tunamtupia bosi mwenye madharau, mwanasiasa aliyetusahau, ex aliyenunua gari. Lakini jaribu kuusema mbele ya mke wa fundi wa stima uone atakavyokutazama. Kwake hilo si fumbo. Mumewe yuko juu kweli, na kila jioni yeye humngoja chini, arudi na miguu yake miwili.

Leo nataka tuongee historia ambayo haikuwa kwenye silabasi: historia ya kamba. Ile kamba inayomshika mtu asianguke akiwa juu ya mlingoti wa stima. Nani aliamua kwamba lazima iwepo? Lini? Mbona ilichukua miaka mingi hivyo? Na mbona pale Kongowea, mwaka huu, bado kuna vijana rika letu wanaopanda bila hiyo kamba?

Mpinzani wangu katika haya yote ni methali moja. Ajali haina kinga. Mtu akianguka tunaisema, tunachanga pesa za mazishi, tunarudi kazini. Wajua neno "ajali" limetoka wapi? Ni Kiarabu, ajal, na maana yake ni muda uliopangwa, siku yako ya kuondoka duniani. Hiyo kweli haina kinga, wala sibishani na Mola. Lakini baadaye neno hilo hilo tukalibandika kwa matatu iliyopinduka, kwa mjengo ulioporomoka, kwa fundi aliyeteleza. Methali ikahama nalo. Tukaanza kuamini kwamba mtu aliyepanda bila mkanda alikufa kwa sababu siku yake ilifika, wala hakuna aliyeuliza mkanda ulikuwa wapi.

Historia ya sheria za kupanda milingoti ni watu kukataa methali hiyo, polepole, hatua kwa hatua.

Mnazi kwanza

Pwani ilikuwa na watu wa kukwea kabla ya kuwa na waya hata mmoja. Mkwezi wa nazi na mgema wa tembo walikuwa mafundi wa urefu karne nyingi kabla ya umeme. Mnazi mrefu unaweza kupita mita 20. Ili kuupanda, shina linachanjwa mapengo madogo ya kukanyagia. Kila pengo linaitwa kidato. Ndiyo, kidato. Wewe uliyemaliza kidato cha nne ulikuwa unakwea mnazi miaka minne bila kujua.

Sasa angalia mpango wa ile kazi ulivyokaa. Mkwezi alilipwa kwa alichoangusha. Mwenye shamba alikuwa na minazi, mkwezi alikuwa na mikono na miguu. Akianguka, ilikuwa yake. Hakuna aliyemdai mwenye shamba kamba, kwa sababu kujua kukwea ndiko kulikohesabiwa kuwa kinga. Hodari haanguki. Na hodari akianguka? Siku yake imefika. Yaani pande zote mbili, mwenye shamba hadaiwi chochote.

Shika hilo wazo, maana lilipanda mlingoti wa stima vile vile lilivyokuwa.

Mlingoti waja mjini

Angalia majina tuliyoyapa haya mambo. Stima ilikuwa kwanza meli ya mvuke. Mlingoti ulikuwa wa jahazi, ule unaobeba tanga. Umeme ulipofika, watu wa bahari waliuita kwa maneno ya bahari.

Kenya Power wenyewe, wakisimulia historia yao, wanaanzia Zanzibar: jenereta ya Sultani Seyyid Barghash, mwaka 1875, ya kuangaza kasri na barabara za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua jenereta hiyo, na ikazaliwa kampuni ya kusambaza umeme kisiwani. Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Jina likabadilika kuwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983, na 2011 likafupishwa kuwa Kenya Power.

Kila mara hiyo historia huhesabu makampuni, mitambo na majina mapya. Lakini waya hauruki wenyewe kutoka mlingoti hadi mlingoti. Kuna mtu aliyepanda kila mmoja.

Alipandaje? Kwenye nguzo ya mbao, fundi hufunga miguuni vyuma vyenye mwiba mkali upande wa ndani. Anapiga mwiba kwenye mbao, anasimama juu yake, anapiga mwingine. Kabla ya kuanza, fundi mjuzi huigonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza. Mbao nzima inatoa mlio mkavu. Iliyooza ndani inatoa mlio mzito wa shimo. Kiunoni ana mshipi mpana wa ngozi, na ukanda unaozunguka nguzo na kushikwa pande zote mbili za mshipi. Akifika juu anaegemea nyuma, ukanda unambeba, mikono yake inabaki huru kufanya kazi.

Ukikaa vizuri pale juu, unaonekana uko salama kabisa. Tatizo liko sehemu mbili.

Kwanza, ule ukanda ulikuwa wa kufanyia kazi. Mafundi wengi walipanda kwa miiba na mikono peke yake, na ukanda wakaufunga baada ya kufika. Kwa hiyo safari yote ya kwenda juu na kurudi, kamba ilining'inia kiunoni kama pambo. Na hata aliyeuzungusha tangu chini, mwiba ukiponyoka, ukanda wa kawaida uliteremka naye kwenye nguzo.

Pili, mshipi wa kiuno haukutengenezwa kumkamata mtu anayeanguka. Ukikatizwa ghafla ukiwa hewani, uzito wote unakuja tumboni na mgongoni. Mshipi unaweza kukuumiza vibaya katika ule ule wakati wa kukuokoa.

Tufanye hesabu kidogo. Mlingoti wa mita 10, karibu mita 2 zimezikwa, umebaki na mita 8 hivi juu ya ardhi. Kuanguka mita 8 kunachukua sekunde moja na robo. Unafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 45 kwa saa, kama umegongwa na tuktuk iliyokanyaga mafuta. Katika sekunde moja na robo hakuna ujuzi. Huwezi kujishika kwa uhodari.

Walioandika sheria kwa miili yao

Kazi hii ilishika kasi Marekani mapema kuliko kwetu, na huko ndiko unaona wazi jinsi sheria ilivyosonga. Tupite huko kidogo kisha turudi nyumbani.

Mwaka 1891, pale St. Louis, mafundi wa nyaya walikutana wakaanzisha chama chao cha kitaifa, kwa sababu kazi ilikuwa inawaua na hakuna aliyejali. Mwenyekiti wao wa kwanza aliitwa Henry Miller. Mwaka 1896, akiwa kazini Washington, alipigwa na umeme akaanguka, akafa. Kiongozi mwenyewe wa chama cha kudai usalama, kazi ikammaliza miaka mitano tu baada ya kuanza.

Ungedhani sheria ingekuja mwaka uliofuata. Wapi! Kanuni maalum ya serikali kuu kwa wanaoendesha na kukarabati nyaya za umeme ilitoka 1994. Karibu miaka 100. Na hata hiyo ya 1994 ilikuwa na mlango wa nyuma. Ilisema anayefanya kazi zaidi ya futi 4 kutoka ardhini lazima awe na kinga ya kuanguka. Halafu ikaongeza: lakini fundi aliyehitimu halazimiki wakati anapanda, au anapohama kutoka sehemu moja ya nguzo hadi nyingine, isipokuwa kama kuna barafu, upepo mkali au kitu kingine cha kumfanya ateleze.

Umeona? Ni ule ule mnazi. Hodari haanguki, kwa hiyo hodari hahitaji kamba.

Mwaka 1998 walipiga marufuku mshipi wa kiuno kutumika kama chombo cha kumkamata mtu anayeanguka. Kwa kazi hiyo sasa inatakiwa hanesi, mkanda unaopita mabegani na mapajani, ili mshtuko ugawanyike mwili mzima. Halafu Aprili 2014 ukaja mlango wenyewe kufungwa. Kanuni mpya ilisema kuanzia tarehe 1 Aprili 2015, hata fundi aliyehitimu lazima awe amefungwa muda wote, akipanda, akihama, akishuka. Mwajiri anayesema haiwezekani, au kwamba kamba italeta hatari kubwa zaidi, ni yeye athibitishe.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Zamani fundi ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ni hodari. Sasa mwajiri ndiye anayethibitisha kwa nini hakuna kamba. Mzigo umehamia kwa mwenye kazi. Idara yao ya usalama kazini ilikadiria kwamba kanuni hizo mpya zote kwa pamoja zingezuia vifo karibu 20 na majeraha makubwa 118 kila mwaka.

Na chombo kilikuwepo. Ni ukanda wa kuzunguka nguzo wenye kitanzi cha ndani: ukiteleza, uzito wako mwenyewe unakibana kitanzi kwenye mbao na unasimama hapo hapo. Kadiri unavyovuta chini ndivyo kinavyobana. Wazee wa kazi wapo waliolalamika kwamba unachelewesha na unachosha. Ni kweli unachelewesha. Mkanda wa gari pia, na helmeti ya bodaboda pia.

Sheria yetu na neno "kiwanda"

Rudi nyumbani sasa. Mombasa ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa inachemka. Wafanyakazi waligoma 1939, na Januari 1947 mji ukasimama kwa mgomo mkuu. Mishahara na nyumba ndiyo yalikuwa madai makubwa, lakini chini yake kulikuwa na swali moja: mwili wa mfanyakazi ni mali ya nani?

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya usalama, ikaanza kutumika 1951. Iliiga sheria ya Uingereza ya 1937. Jina lake? Sheria ya Viwanda. Neno hilo limebeba fikra nzima: mahali pa hatari ni jengo lenye mashine na geti. Mlingoti wa barabarani si jengo. Hauna geti wala msimamizi aliyekaa ofisini. Fundi aliyekuwa juu ya waya, kwa jina la sheria tu, alikuwa mgeni.

Mwaka 1990 wakaongeza maneno: Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi. Hayo maneno machache yalichukua miaka 40. Halafu 2007 ikatungwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na hii ikasema wazi kwamba inahusu mahali popote mtu anapofanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Popote. Juu ya mlingoti pia ni popote.

Sheria hiyo inasema mambo ambayo kila anayesaka kibarua anafaa ayajue kama namba yake ya simu. Mwenye mahali pa kazi ana wajibu wa kulinda usalama wa wote wanaofanya kazi pale. Mahali ambapo mtu anaweza kuanguka na hapana pa kukanyaga imara wala pa kushika, lazima awekewe kinga kadiri inavyowezekana. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvaa alichopewa. Na ukiona hatari kubwa, unaripoti, na haufai kulazimishwa kurudi pale kabla haijarekebishwa.

Mwaka huo huo wa 2007 ikaja ndugu yake, WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mfanyakazi akifa kazini, fidia ni mapato ya miezi 96. Miaka minane ya mshahara. Lakini hata hiyo ilipiganiwa kortini: Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza mjadala Desemba 2019. Miaka 12 tangu kutungwa, ndipo nchi ikawa na uhakika jinsi ya kumlipa aliyeanguka.

Kwa hivyo, kwenye karatasi, Kenya imefika mbali. Kutoka kiwandani hadi popote. Swali ni kama "popote" imefika Kongowea.

Angalia juu

Ukipita sokoni Kongowea, kati ya mikokoteni ya mahamali na magunia ya vitunguu, inua macho kidogo. Juu kabisa kuna waya za stima. Chini yake kuna nyaya nyeusi za intaneti zimekunjwa kama tambi, za kampuni hii na ile. Mlingoti mmoja, wenyewe wengi. Sasa tazama ni nani anapanda.

Fundi wa shirika la umeme mara nyingi utamjua: helmeti, glavu, hanesi, ngazi iliyofungwa, au lori lenye kikapu cha kumwinua. Ana mkataba, ana mafunzo, ana chama cha wafanyakazi. Hata nguzo zenyewe zinabadilika. Za zege zinaongezeka, na kwenye zege mwiba hauingii, kwa hiyo ngazi au lori ni lazima.

Halafu kuna kijana wa pili. Amebeba ngazi begani na waya mkononi. Viatu ni raba. Kampuni iliyouza intaneti imempa kazi kampuni nyingine, hiyo nyingine imempa jamaa mwenye pikapu, jamaa mwenye pikapu amempigia simu kijana asubuhi. Analipwa kwa kila nyumba anayounganisha. Akimaliza haraka, anapata zaidi. Kamba inachelewesha, na kuchelewa kunamkata ganji. Siwezi kumlaumu anavyopiga hesabu. Hesabu amewekewa hivyo.

Huyo ni mkwezi wa nazi amerudi mjini. Analipwa kwa alichoangusha, na akianguka ni yake.

Na kuna wa tatu, ambaye hatupendi kumtaja: yule anayeitwa usiku kurudisha stima ya kuibia. Hana sheria ya kumlinda, maana kazi yenyewe ni kosa. Lakini naye ni mtoto wa mtu. Huyo simpi ushauri wa mkanda. Namwambia asipande. Waya wa juu hausamehi, na umeme mara nyingi ndio unaomwangusha mtu, kama Henry Miller.

Hoja yangu ni juu ya wa pili. Najua majibu. "Vifaa ni ghali." Sawa, vigharamie ndani ya bei ya kazi, kama unavyogharamia mafuta ya pikapu. Hakuna anayetuma pikapu bila mafuta akisema Mungu atasaidia. "Si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu." Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua hata makubaliano ya mdomo, na sheria ya usalama inahesabu hata mtu wa muda mfupi. "Yeye mwenyewe hataki kuvaa." Basi asipande siku hiyo. Kampuni inayoweza kukukatia intaneti kwa kuchelewesha malipo siku moja haiwezi kushindwa kumwambia kijana ashuke.

Na tafadhali tusijifiche nyuma ya dini. Sote tumefunzwa habari ya bedui aliyeambiwa na Mtume afunge ngamia wake kwanza, kisha ndio amtegemee Mungu. Kamba kwanza.

Kwako unayepigiwa simu asubuhi uende kuvuta waya, uliza mambo manne kabla hujakanyaga ngazi. Hanesi iko wapi, na nitajifunga wapi tangu mguu wangu unapotoka ardhini? Nguzo imekaguliwa? Waya wa juu umezimwa, au niko umbali gani nao? Nikining'inia, nani yuko hapa wa kuniteremsha na anajua vipi? Maana hanesi inakuzuia kufika chini, lakini mtu akining'inia muda mrefu damu hukwama miguuni, na hilo pia linaua.

Na chukua jina. La aliyekupigia, la kampuni iliyo juu yake, la iliyo juu zaidi. Yaandike kwa simu, umtumie mtu wa nyumbani. Ukiumia, madai ya fidia yana muda wake, miezi 12, na familia nyingi huumalizia hospitalini na matangani bila kujua hata waende kwa nani. Ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini ndiyo pa kuanzia.

Sisi wengine tunaongoja Wi-Fi nyumbani tuna sehemu yetu. Fundi akija mlangoni kwako, mwangalie kiunoni na mabegani kabla hujamwonyesha nguzo. Hana kitu? Mwambie unaweza kungoja mpaka kesho. Kisha ipigie kampuni uliyoilipa, si yeye, uwaulize kwa nini wamemtuma hivyo.